Kasongo na Kabambare: Kiganja si kipimo, na pistoli ya paji la uso haipimi kila kitu

KASONGO – Katika farmasi nyingi za kusini mwa Maniema, na hata katika baadhi ya vituo vya afya, homa ya mtoto bado inapimwa kwa kiganja. Mwenye duka anagusa paji la uso, anasema "huyu ana homa kali", na kabla mama hajaketi vizuri ampule imeshavunjwa shingo. Hakuna namba iliyoandikwa kwenye kaye. Hakuna tone la damu lililochukuliwa kwa kipimo cha haraka cha malaria, kile wauguzi wanachoita TDR. Kinachobaki ni deni, na familia iliyokimbia vita inalilipa kwa kuuza sufuria, shitingi au nusu ya unga wa msaada.

Jambo hili halina jina lingine ila uzembe. Na watu wamelizoea kiasi kwamba mzazi anayeuliza "ana joto ngapi?" anaonekana mjeuri, kana kwamba ametukana kazi ya mganga. Ingekuwa kinyume. Mganga ambaye hawezi kutaja namba ndiye anayepaswa kuona haya.

Wanaotetea kiganja wana hoja yao, na si ya kudharauliwa. Wanasema mama anamjua mtoto wake. Ni kweli. Mama akigusa na kusema mtoto hana moto, mara nyingi yuko sahihi. Tatizo liko upande wa pili: mkono unasema "homa" mara nyingi mno mahali ambapo homa haipo. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa saa tatu, amefungwa vitenge viwili, jua la saa sita likimchoma kichwani, lazima awe wa moto. Mkono uliotoka kuosha vyombo kwa maji baridi utamwona wa moto zaidi. Kiganja kinapima tofauti kati ya ngozi mbili. Hakipimi mwili wa mtoto. Kwa hiyo kiganja cha mama ni sababu nzuri ya kwenda kupima, lakini hakitoshi kuwa sababu ya kuchoma sindano.

Inajulikana pia kwamba Congo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Ndiyo maana wengi wanasema: kwa nini kupoteza muda, kila homa si malaria? Hapana. Tangu 2010 shirika la afya duniani, OMS, linataka malaria ipimwe kwanza, kwa hadubini au kwa TDR, kabla dawa haijatolewa. Sababu ni rahisi. Mtoto mwenye nimonia naye ana homa. Mwenye surua ana homa. Mwenye uti wa mgongo ulioshikwa na ugonjwa ana homa. Ukimpa huyo dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani, umempa ugonjwa wake siku tatu za bure. Hata TDR yenyewe ina mtego, kwa maana aina nyingi za TDR zinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Muuguzi mzuri anaunganisha mambo: joto, TDR, pumzi, shingo, kunyonya, macho. Lakini hawezi kuunganisha namba ambayo hana.

Sasa kuna watu wanaodhani shida hii imeshamalizika kwa sababu mashirika yameleta pistoli. Kila mtu anaijua: chombo cheupe chenye mpini, kinaelekezwa kwenye paji la uso, kinalia, namba inaonekana. Ilijulikana sana katika Congo wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, kisha wakati wa Covid iliyoingia nchini Machi 2020. Barabarani, uwanja wa ndege, mlangoni mwa kanisa na ofisi, watu walipanga mstari na kupigwa pistoli.

Kwa kazi ile, chombo kilikuwa sawa. Kazi ilikuwa kupitisha watu mia kwa haraka bila kumgusa hata mmoja, halafu kumtoa pembeni yule mwenye namba ya juu ili apimwe vizuri zaidi. Ni chombo cha mlangoni. Kosa ni kukitoa mlangoni na kukipeleka kitandani, kisha kukifanya ndicho kipimo pekee cha kituo, na muuguzi akiamua juu ya uhai wa mtoto kwa namba ya ngozi ya paji la uso.

Mwili wa mtu una joto ndani. Ngozi ya paji la uso inafuata hewa. Jasho likikauka pale, ngozi inapoa na pistoli inasema 35.8 kwa mtoto anayewaka 39. Mtoto akitoka juani, ngozi imechomwa na pistoli inasema 38.5 kwa mtoto mzima kabisa. Mikono ya muuguzi ikienda mbali, senti chache tu zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, namba inashuka. Vumbi likikaa kwenye kijicho cha mbele, namba inapotea. Nyingi za pistoli hizi zimeandikiwa kufanya kazi mahali penye joto la nyuzi 10 au 15 hadi 40. Na chini ya shitingi saa nane mchana, ni nani aliyewahi kuhesabu kuna nyuzi ngapi? Halafu inaletwa bila mawe ya akiba. Mawe yakiisha, pistoli inalala kabatini pamoja na cheti cha msaada na picha ya siku ya makabidhiano.

Kuna pistoli mbaya zaidi ya hiyo. Katika masoko kunauzwa ile ya mafundi, yenye nukta nyekundu ya mwanga na maandishi kwamba inapima hadi nyuzi 300 na kupita. Hiyo ni ya injini, tanuru na mabomba. Si ya binadamu, na nukta ile haifai kuelekezwa machoni mwa mtoto. Anayeiuza kama kipimo cha wagonjwa anadanganya, hata kama anafanya hivyo kwa kutojua.

Haki lakini isemwe kwa pande zote. Wakati wa Covid ulienea uvumi kwamba pistoli inachoma ubongo, inafuta kumbukumbu, inafanya watu wasizae. Uvumi huo ni uongo. Pistoli ya wagonjwa haipigi kitu chochote ndani ya kichwa. Inapokea joto linalotoka kwenye ngozi, kama vile mtu anavyosikia joto la jiko akiwa amesimama kando. Wenye kuhubiri uvumi ule wamewafanya watu wakimbie kupimwa, na wasiombe udhuru kwamba pistoli ina kasoro. Kasoro yake ni kupima vibaya. Haidhuru.

Jambo kubwa kuliko yote katika habari hii halizungumzwi, kwa sababu neno "kipimajoto" linawafanya watu wafikirie moto tu. Mtoto mchanga anakufa kwa baridi.

Mtoto aliyezaliwa juzi, hasa yule aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, hawezi kulinda joto lake. Na mtoto mchanga aliyeingiwa na ugonjwa mkali katika damu mara nyingi hapandi moto. Anapoa. Anaacha kunyonya, analegea, hana hata nguvu ya kulia. Bibi anamgusa, anasema "asante Mungu, homa imeshuka". Haikushuka. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi 2, joto la kwapani la 37.5 na kupanda si la kungojea asubuhi, na joto chini ya 35.5 vilevile si la kungojea. Zote mbili zinaitwa hatari, na zote mbili zinamaanisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Njiani mtoto afungwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa kofia. Hilo halihitaji msaada wa shirika lolote.

Fikiria maisha ya familia zilizokimbia Salamabila, au zile zilizovuka kutoka upande wa Fizi hadi Kabambare. Zinalala katika darasa la shule, kanisani, au kwa familia ya jamaa ambayo nayo ina watu kumi katika vyumba viwili. Mvua ya usiku inaingia chini ya mlango. Mama aliyejifungua njiani amelala juu ya mkeka na mtoto wa siku nne. Ni hapa kipimajoto kinahitajika kuliko mahali pengine popote katika Maniema, na ni hapa hakipo. Mashirika yakigawa vifaa vya nyumbani yanahesabu ndoo, sabuni, mablanketi, sufuria. Ni vizuri. Lakini kipimajoto kidogo cha kwapani kina uzito chini ya kipande cha sabuni, na hakiingii kwenye hesabu.

Ajabu ni kwamba mambo haya yanatokea Kasongo, mahali pengine pasingeshangaza. Katika miaka ya 1970, wakati nchi inaitwa Zaire, Kasongo ilikuwa shule ya dunia. Waganga wa Congo pamoja na Taasisi ya Dawa za Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, walijaribu hapa namna ya kupanga huduma za afya za vijijini: kituo kidogo karibu na watu, muuguzi aliyefundishwa kufuata hatua zilizoandikwa, hospitali moja nyuma yake kwa wagonjwa wazito. Mwaka 1981 utafiti wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ulichapishwa katika gazeti la waganga The Lancet la London, na ulibishaniwa sana. Majaribio ya Kasongo, pamoja na yale ya Bwamanda na Kisantu, ndiyo yaliyosaidia kuzaa mpango wa zoni za afya ambao leo umegawa nchi yote katika zoni 519, na 18 kati ya hizo ziko Maniema. Muuguzi wa Kasongo alikuwa na vitu vichache, lakini vilichaguliwa kwa akili na vilitumika kila siku. Wazee waliofanya kazi wakati ule wanajua hawakuwa na pistoli. Walikuwa na kipimajoto, saa na fishi.

Kipimajoto chao kilikuwa kile cha kioo chenye mstari wa fedha ndani. Hapo pia lazima maneno magumu yasemwe, kwa maana kile cha kioo bado kinapatikana sokoni na bado kinasifiwa na watu wa zamani. Wanasema hakidanganyi, hakihitaji mawe. Ni kweli, kinapima vizuri. Lakini ule mstari wa fedha ni zebaki, merkiri, ile ile ambayo wachimba dhahabu wanaitumia kushika chembe za dhahabu na kisha kuichoma. Moshi wake unaharibu ubongo na figo, na mtoto na mimba ndio wanaoumizwa zaidi. Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa maji yaliyochafuliwa na kiwanda. Mkataba wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi tarehe 16 Agosti 2017, na ndani yake nchi zilizouingia zilikubaliana kutotengeneza, kutoingiza wala kutouza nje vipimajoto vya zebaki baada ya 2020. Kama vingine bado viko kwenye meza za soko, vinauzwa kwa sababu mtu ana akiba ya kumaliza, na aliyepangiwa kuimaliza ni mtoto wa mwingine.

Cha kioo kina shida nyingine mbili ambazo watu hawazisemi. Kinaishia nyuzi 42, kwa hiyo kikiachwa juani au katika chumba cha mabati wakati wa kiangazi, zebaki inaweza kusukuma na kioo kikapasuka. Na mara nyingi kinaanzia nyuzi 35. Mtoto mchanga mwenye 34 na mwenye 35 wanaonekana sawa kwenye kioo hicho, nao hawako sawa hata kidogo.

Kikivunjika nyumbani, usichukue ufagio, kwa sababu ufagio unaikata zebaki kuwa punje nyingi na kuitawanya. Usiishike kwa mkono, usiitupe motoni, usiitupe chooni. Toa watoto nje, fungua mlango na madirisha, sukuma punje kwa karatasi mbili ngumu hadi zikutane, ziingize katika chupa yenye maji kidogo na kifuniko, andika juu yake "sumu", peleka kwa mkuu wa kituo cha afya. Watoto wanapenda kuicheza ile fedha inayotembea. Mchezo huo ni mbaya kuliko kisu.

Kinachofaa, kwa nyumba na kwa sehemu kubwa ya kazi ya kituo, ni kitu cha kawaida sana: kipimajoto cha kidijitali cha kwapani, chembamba, chenye ncha ya chuma na kioo kidogo cha namba. Bei ya pistoli moja inanunua kadhaa. Hakina sumu ya zebaki. Aina nyingi zinashuka hadi nyuzi 32, kwa hiyo zinaona baridi ya mtoto mchanga. Kosa lake, kwa kile kilichotengenezwa vizuri, ni kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na kwa kawaida limeandikwa kwenye kartoni: ±0.1. Kartoni isiyo na maandishi yoyote ya aina hiyo, wala jina la aliyekitengeneza, irudishwe kwa mwenyewe.

Sokoni usinunue kilichofungwa ukaambiwa "fungulia nyumbani". Bonyeza kitufe hapo hapo mbele ya muuzaji. Nyingi zinawasha kwanza vijistari vyote vya namba, zinaonyesha 188.8, ili uone hakuna kijistari kilichokufa. Kijistari kimoja kikifa, 8 inasomeka 6, na 38 inaweza kuonekana 36. Kisha tazama herufi: lazima iwe C. Vingine vinafika vikiwa vimewekwa kwenye F, ile hesabu ya Marekani, ambamo mtu mzima anasomeka 98.6 na mwenye homa ya 38 anasomeka 100.4. Mtu asiyejua anaweza kudhani mtoto anachemka. Baada ya hapo jipime mwenyewe kwapani mara tatu. Namba tatu za mtu mmoja ndani ya dakika chache hazipaswi kuachana zaidi ya mbili za kumi. Zikiruka, 36.1, kisha 37.3, kisha 35.9, muuzaji abaki nacho. Muuzaji mwema hatakasirika. Yule anayekasirika ameshajibu swali.

Na namna ya kupima ina uzito sawa na chombo. Mtoto aliyetoka mgongoni ashushwe, afunguliwe vitenge, akae kivulini dakika kumi au kumi na tano. Kwapa lifutwe jasho. Ncha iingie katikati kabisa, iguse ngozi, isiguse nguo. Mkono wa mtoto ushikwe kifuani, mama amkumbatie. Kikilia, kwa vile vya bei ndogo, ni vizuri kukiacha dakika moja au mbili zaidi, kwa sababu kwapa linachelewa kupata joto lake la kweli. Halafu soma, na andika. Andika namba na saa. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanapima vizuri na kusahau. "Jana usiku saa nne 38.9, leo saa kumi na mbili 39.4" ni maneno yanayomsaidia muuguzi kuliko "alikuwa moto sana docta". Kama mtoto amepewa parasetamoli, andika saa aliyopewa, kwa maana dawa hiyo inaweza kuishusha homa kwa muda na kumdanganya yeyote atakayepima baadaye.

Kwa mtoto aliyepita miezi 2, 37.5 kwapani ndipo homa inapoanza. Lakini ukubwa wa namba peke yake usimtishe wala usimlaze mtu. Mtoto wa 39 anayecheza na kunywa maji anaweza kuwa na afadhali kuliko wa 37.8 aliyelegea. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayelala bila kuamka vizuri, huyo haendi kutafutiwa kipimajoto kwa jirani. Anaenda kituoni sasa. Na yule anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 na zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni nimonia inayobisha hodi, hata kama TDR imesema malaria.

Juu ya usafi, wanaoishi wengi pamoja wasikilize vizuri. Kipimajoto kimoja kinaweza kuhudumia nyumba tano za wakimbizi wa ndani bila shida kama kinaoshwa ncha kwa maji ya kawaida na sabuni kila mara, na kufutwa kwa alkoli ikiwepo. Kisichemshwe. Kikichemshwa kimekufa. Kilichotumika njia ya haja kubwa kifungwe uzi mwekundu na kisirudi kinywani mwa mtu yeyote milele. Lile jiwe lake dogo la mviringo, kama kifungo cha shati, ni hatari kwa mtoto akilimeza, linaunguza koo kutoka ndani. Likiisha lisiachwe chini. Anayelimeza apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheka.

Kuna wanaosema: haya ni mambo ya wenye pesa, wakimbizi wanatafuta chakula kwanza. Hoja hii inasikika kama huruma, nayo inawaacha maskini pabaya. Ni maskini anayelipa gharama ya kutopima. Mwenye pesa akichomwa sindano isiyo na kazi, kesho ananunua nyingine. Aliyekimbia akiuza shitingi kwa ajili ya sindano ya malaria ambayo mtoto hana, usiku huo huo mvua inanyesha juu ya mtoto yule yule mwenye nimonia.

Kwa hiyo wahusika waache kutazamana. Ofisi za zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila zina haki ya kuwaambia wafadhili: pistoli zenu zibaki kwenye vizuizi vya magonjwa ya kuambukiza, hapa leteni vya kwapani, vinavyoshuka hadi 32, pamoja na mawe ya miaka miwili. Kila chumba cha kuzalia kiwe na chake, kisichotoka humo. Kila reko anayehudumia familia zilizokimbia apewe kimoja na afundishwe kukisoma, kama alivyofundishwa kupima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi tatu wa utapiamlo. Utepe ule ulionekana mgumu mwanzoni, na leo mama asiyejua kusoma anajua maana ya nyekundu.

Wenye farmasi wanapenda kusema wao si hospitali. Basi wasichome sindano. Anayetaka kuchoma, apime kwanza, na aandike alichokiona. Anayetaka kuuza vipimajoto, auze vya kidijitali vyenye jina la kiwanda, na vile vya zebaki avipeleke katika ofisi ya zoni badala ya kuvishusha bei ili viishe haraka.

Mashirika yanayogawa vifaa kwa wakimbizi wa ndani yanapita kwa viongozi wa mitaa na wawakilishi wa wakimbizi kabla ya kuandika orodha zao. Mkutano wa namna hiyo ndio mahali pa kusema neno hili, mbele ya wote, na kuomba liandikwe kwenye ripoti: kipimajoto kimoja cha kwapani kwa kila familia kumi, na kimoja kwa kila mama aliyejifungua ndani ya mwezi. Asiyesikilizwa mara ya kwanza arudie mkutano unaofuata, akiwa na majina ya mitaa na hesabu ya watoto wachanga waliomo.

Na mzazi anayefika kituoni kesho asubuhi anaweza kufanya jambo moja bila franga hata moja: kumpa muuguzi kaye ya mtoto, kumsalimia kwa heshima, na kumwomba aandike joto pale juu, pembeni ya tarehe, kabla hajaandika jina la dawa.